Madini Katika Damu ya Mama Povu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa kota, wafanyakazi wenzake shemeji, wageni mliotoka mbali na ninyi mliotoka ng'ambo ya barabara tu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili. Mimi niliyesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, kinyozi wa pale mkabala na kituo cha mabasi, wengi wenu vichwa vyenu nimevipitishia mashine na makovu yenu nayajua, nami nimepewa heshima na ukoo ya kuwasomea historia ya dada yetu. Jana jioni kikao cha familia kilinikabidhi karatasi iliyokwisha kuandikwa, nzuri, fupi, haina kosa hata la nukta, nikaikunja nikaitia mfuko wa nyuma, kisha nikakaa nikaandika hii niliyoishika. Nitafuata hatua zote kama ilivyo desturi, kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, maradhi na mauti, sitairuka hata moja, kwa hiyo wenye vikohozi vya kunionya naomba wakohoe sasa, wamalize.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Povu, alizaliwa tarehe 19 Februari 1967, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyokuwa jirani na machinjio ya zamani, akiwa kifungua mimba wa baba yetu, mlinzi wa ghala la nafaka, na mama yetu, mpishi wa shule. Baada yake walizaliwa wawili ambao hawakukaa, kisha nikaja mimi, kitinda mimba, tukawa watoto wawili tu katika nyumba ile, mmoja mkubwa kiasi cha kumbeba mwenzake mgongoni, na mwingine mkaidi kiasi cha kukataa kushuka. Mama alikuwa akisimulia kwamba dada alizaliwa mzito, mwenye afya, hana doa wala kasoro, na mkunga alimgeuzageuza akicheka, akasema huyu hatawapa kazi. Naomba mlishike hilo, kwamba mwili alioletwa nao duniani ulikuwa mzima.

Kuhusu masomo, alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1975, akamaliza la saba mwezi Novemba 1981, akafaulu, akachaguliwa kuendelea na sekondari ya wasichana, wakati huo kufaulu kulikuwa kufaulu kweli. Alisoma miezi michache tu. Tarehe 3 Mei 1982 mama yetu alifariki kwa homa ya ghafla, baba alikuwa akilinda usiku na kulala mchana, mimi nilikuwa na miaka minane na sijui hata kuwasha jiko, basi dada akarudi nyumbani na sanduku lake la bati, akaliweka uvunguni, akasema atarejea shule mambo yakitulia. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe hadi mlangoni kumtaka, dada akamkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha mimi niliyekuwa nimekaa kizingitini na kamasi zangu. Mambo hayakutulia, na lile sanduku mimi ndiye niliyelipeleka sekondari.

Kuhusu kazi, mwezi Agosti 1984 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya mji, chumba kirefu chenye mapipa ya kuchemshia shuka na sakafu isiyokauka mwaka mzima, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu kila aliyemfuata kazini alimkuta povu limempanda hadi viwikoni. Kazi ile aliipenda, na alikuwa na majivuno nayo, tusimpambe marehemu kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao. Ukimkabidhi shati alikuwa analigeuza kola kwanza, anakutazama usoni, halafu anasema, "Na wewe ulitoka nyumbani hivi, watu wakakuona?" Alinifundisha kwamba doa la damu huondolewa kwa maji baridi, kwamba ukitumia ya moto umelipika doa na nguo imekushinda. Aliacha kazi hiyo mwaka 1988 kwa sababu ya ndoa, na tangu hapo, kila fomu iliyouliza kazi yake, alisema hana kazi, ni mama wa nyumbani.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 27 Agosti 1988, na shemeji yangu huyu aliyeketi hapa mbele, wakati huo kijana mwembamba, mwendesha tanuri katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Walijuana hospitalini, shemeji alilazwa kwa kuungua mguu, akaulizia ni nani anayefua shuka zinazonukia jua namna ile, akaonyeshwa, na mguu ukachukua muda mrefu zaidi kupona kuliko daktari alivyotarajia. Walipewa nyumba katika kota za kiwanda, safu ya nne, nyumba ya mwisho, ile inayopakana na ukuta wa kiwanda chenyewe, vyumba viwili na ua, na uani jiko la nje la udongo mwekundu, na mbele ya jiko hilo kamba ya kuanikia kutoka nguzo hadi nguzo. Shemeji nitamtaja vibaya baadaye kidogo, kwa hiyo nimtaje vizuri sasa, hajawahi kumwinulia dada mkono, hajalala nje, na yale maziwa ambayo kiwanda kilimpa kila mtu wa tanuri kila siku, eti yanaosha kifua, yeye hakuyanywa, aliyaleta nyumbani kwa mkewe, miaka na miaka.

Sasa niseme jambo la dobi, kwa sababu vijana hawalijui na wazee wamejisahaulisha. Kiwanda kile kilikuwa na chumba cha kufulia, mashine mbili kubwa nyuma ya geti, na utaratibu ulikuwa mfanyakazi avue ovaroli pale pale, aoge, avae nguo zake, aende kwao. Lakini kota zina utaratibu wake. Mwanamke ambaye ovaroli ya mumewe ilifuliwa na mashine alisemwa bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni, wenzake wanaulizana kwa sauti ya kusikika, "Kwani yule ameolewa yeye au imeolewa mashine?" Basi wake zetu wakazitaka ovaroli nyumbani, na waume wakaona fahari kupita barabarani nazo jioni, zimekauka vumbi la kijivu, kila mmoja akimpelekea mkewe.

Mwaka 1991 meneja wa wakati ule akaja na shindano. Kila Desemba, Siku ya Familia, wake wa watu wa tanuri walisimama uwanjani kila mmoja na ovaroli ya mumewe mkononi, na meneja alipita mstari mzima akifuta mabega ya ovaroli kwa kitambaa cheupe, ambaye kitambaa kilitoka kwake bado cheupe ndiye mshindi. Ofisa ustawi wa kiwanda, ambaye tunaye hapa na tunamshukuru kwa kuja, aliniomba jana nisisahau kuwakumbusha kwamba dada yetu alishinda shindano hilo mara tatu, mwaka 1992, 1994 na 1995, na kwamba picha yake ingali ukutani pale mapokezi. Sijasahau. Alishinda, akapewa katoni ya sabuni na beseni kubwa, tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Mwaka 1996 mashine zile mbili ziliuzwa, meneja akasema katika hotuba kwamba hakuna mashine duniani inayowashinda wake zetu, na kwa hilo pia tukapiga makofi, na dada alipiga kuliko wote. Miaka yote hiyo sikujiuliza, na leo nauliza mbele yenu, mtu anakujaje na kitambaa cheupe kufuta nguo kama hajui kuna kitu cha kutafuta?

Ufuaji wenyewe ulikuwa hivi, na majirani mtanisahihisha. Ukiloweka ovaroli ya tanuri na vumbi lake inakuwa tope, haitakati hata ukiimaliza sabuni yote, kwa hiyo Mama Povu aliianika kavu kwanza, akaichapa kwa mpini wa fagio, mbele, nyuma, mifuko ikiwa imepinduliwa nje, mpaka vumbi likaisha. Halikuisha, lilihama. Lilimwingia kwenye nywele na puani, likatua kwenye sufuria, kwenye nguo za watoto, na zaidi ya yote kwenye ukuta wa lile jiko la udongo uliokuwa mbele ya kamba. Alifanya hivyo kila siku ya kazi ya mumewe, na mumewe hakuwa mtu wa kukosa kazi.

Kuhusu watoto, Mungu alimjalia mimba nne. Tarehe 6 Aprili 1990 alijifungua mtoto wa kiume, ndiye huyu dereva wa lori aliyesimama kule nyuma kwa sababu viti vimetushinda, mtoto aliyechelewa kusoma, aliyechapwa na kila mwalimu kwa kutokushika, na ambaye mama yake alimtetea hadi ofisini kwa mwalimu mkuu kwamba mwanawe si mvivu, kichwa chake kinachoka tu. Tarehe 11 Septemba 1996 alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tarehe 30 Januari 1998 alijifungua wa kike, naye hakulia. Hao wawili hawamo katika ile karatasi ya kikao, kwa maelezo kwamba hawakupewa majina, lakini dada aliwabeba miezi yao na kila mmoja alimfulia nepi kabla hajafika, kwa hiyo mimi nawasoma. Tarehe 15 Julai 2001 alijifungua binti, kitinda mimba wake, mpwa wangu, ambaye yupo hapa mbele katikati ya shangazi zake, naye ana ujauzito wa miezi sita.

Katika kila mimba dada alipungukiwa damu, zahanati ya kiwanda ikamwandikia vidonge vya kuongeza damu, siku vipo, siku havipo, na kama wanawake wengi waliopungukiwa damu alishikwa na hamu ya udongo. Hakwenda kununua sokoni. Alikwangua ule ukuta wa jiko kwa kijiko, akawaambia wenzake kwamba udongo wa ukuta wake una utamu ambao hajaupata kwingine, na wapo humu waliokuwa wakija na vijiko vyao. Tulicheka. Tulimwambia ataila nyumba yote, shemeji atarudi kutoka kazini akute paa tu limekaa chini.

Sasa nimefika kwenye maradhi, na karatasi ya kikao inasema hapa, "Marehemu alisumbuliwa kwa muda mrefu na shinikizo la damu." Si uongo. Kuanzia mwaka 2013 alikuwa na shinikizo la damu, na tumbo la kusokota, na choo kigumu, na viungo kuuma, na usahaulifu ambao yeye mwenyewe aliufanyia mzaha, akisema akili yake ameianika mahali na hakumbuki kamba gani. Zahanati ikampa vidonge vya presha na vya tumbo, ikampa na ushauri wa kupunguza mawazo. Mwaka 2021 mikono ikaanza kumwangusha, kikombe kinatoka, kisu kinatoka, kiganja kinaning'inia hakitaki kuinuka, na mwezi Septemba 2022 miguu ikavimba, nikampakia kwenye basi, nikampeleka hospitali ya rufaa kwa daktari bingwa wa figo.

Daktari huyo ni mama wa makamo, ana sauti ya chini, hana haraka. Alimuuliza dada anafanya kazi gani, dada akajibu, "Sina kazi daktari, niko nyumbani tu." Akamuuliza nyumbani anafanya nini, dada akasema anapika, anafagia, anafua. Akamuuliza anafua nini. Dada akainuka kwenye kiti, mgonjwa yule, akaanza kumweleza namna ya kuichapa ovaroli ya tanuri, kwa majivuno yake yale yale, hadi na mifuko inavyopinduliwa, na daktari akaacha kuandika.

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa maabara, na majibu yalitoka tarehe 4 Oktoba 2022. Dada yetu alikuwa na madini ya risasi mwilini, ile risasi ya ndani ya betri, na kiasi chake kilikuwa kikubwa kuliko alichowahi kukutwa nacho shemeji, ambaye kiwanda kilimpima damu kila nusu mwaka, kilimpa barakoa, na kilimwondoa tanurini kiwango kilipopanda. Anayeyeyusha alikuwa anapimwa, anayefua hakuna aliyemkumbuka, kwa sababu kwenye daftari la kiwanda hayupo, yuko nyumbani tu.

Daktari alinieleza nami nitawaeleza kama nilivyoelewa, maana mimi elimu yangu ni ya mkasi. Mwili unataka madini yake, chuma, zinki, shaba, kidogo sana, kiasi ambacho ukikitia kiganjani hukioni, na ukikosa hicho kidogo unadhoofika. Risasi hauitaki hata chembe. Lakini mwili uliokosa chuma unakuwa na njaa, na kwa njaa hiyo unapokea kinachofanana, risasi ikipita inakaribishwa ndani kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha inahamia kwenye mifupa, inakaa humo miaka na miaka. Mwanamke akipata mimba mifupa inamtolea mtoto chokaa yake, na risasi inatoka pamoja nayo, inamfikia mtoto tumboni, na mwanamke akifika umri wa kukoma hedhi inatoka tena, inaendea figo, inaendea mishipa ya moyo. Akasema watu waliopimwa kwa maelfu wameonyesha kwamba wenye madini hayo damuni hufa mapema kwa moyo na kwa kiharusi, na vyeti vyao vya kifo huandikwa shinikizo la damu, basi. Nilimuuliza kuhusu yale maziwa ya shemeji. Akanitazama kwa huruma, akasema maziwa ni chakula kizuri, lakini hayajawahi kuosha kifua cha mtu.

Naona Baba Mdogo ananitikisia kichwa. Baba, shikamoo, nakuheshimu, nimebakiza kurasa mbili na sishuki.

Tulirudi na majibu, na kikao kilikaa tarehe 9 Oktoba 2022, sebuleni kwa shemeji, mlango umefungwa. Shemeji alikuwa amestaafu mwaka huo huo, na nyumba ya kota ilibaki kwao kwa sababu moja tu, mkwe wao, mume wa binti, alikuwa ameajiriwa kwenye tanuri lile lile. Ikasemwa kwamba jambo hili likitoka nje mkwe ataitwa ofisini, na akiitwa ofisini nyumba imekwenda. Baba Mdogo akasema, "Damu ya mtu ni siri ya mtu, tusiitangaze." Shemeji akasema tusubiri kwanza. Ikaamuliwa kwamba binti naye asiambiwe, asije akamwambia mumewe, mumewe akaropoka kazini, na hapo ndipo ninapomtaja shemeji vibaya, alimwomba mkewe anyamaze, na mkewe, mwanamke aliyemfokea meneja wa benki kwa sababu ya kola chafu, akanyamaza.

Alinyamaza mdomo, mikono hakuinyamazisha. Binti, nataka unisikilize hapa. Unakumbuka mlivyokuwa mkigombana kuanzia mwezi ule wa kumi, wewe unavuta beseni, yeye anavuta beseni, ovaroli ya mumeo iko katikati, wewe unamwambia, "Mama wewe mgonjwa, hebu kaa," naye anakujibu ovyo kwamba hujui kufua, kwamba utamtia aibu, kwamba nguo za nyumba ile atazifua yeye mpaka azikwe. Ulikuja saluni kwangu ukalia, ukasema mama amekuwa na roho mbaya. Mama yako alikuwa anajua kilichomo ndani ya ile nguo, wewe ulikuwa hujui, na kwa vile alikatazwa kukwambia aliifua mwenyewe kwa mikono iliyokuwa haiinuki, ili wewe usiiguse.

Tarehe 14 Machi mwaka huu alilazwa, figo zimekataa, akawa anasafishwa damu kwa mashine, na beseni likabaki kwako. Ukaambiwa mwenye mimba haingii wodini, na kila ulipopiga simu ilipokelewa na shangazi, ukaambiwa mama amelala. Wakati mwingine alikuwa amelala kweli. Tarehe 28 Mei, Jumapili, saa za kuona wagonjwa, alikuwa macho, ananitambua, akaniambia maneno ambayo nayarudia kama yalivyo, "Mwambie mwanangu aache kufua ile nguo. Na ukuta, mwambie asiguse ukuta." Nikaleta maneno hayo kwenye kikao. Nikajibiwa mjamzito hashtuliwi. Nikajibiwa tungoje baada ya mazishi, mama yake akiwa bado anapumua, na jana nikajibiwa tungoje baada ya kujifungua.

Mauti yalimfika siku ya Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, saa nane mchana, katika wodi ya wanawake, baada ya kupata kiharusi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Nilikuwepo mimi na muuguzi wa zamu. Kucha zake zilikuwa safi.

Jana jioni, wakati turubai linafungwa, nilipita uani kwa shemeji kule kota kutafuta kamba, nikalitazama lile jiko la nje. Mikwaruzo ya dada yangu naijua, iko juu, ya zamani, imeshaota weusi wa moshi. Chini yake, kwa kimo cha mtu anayekaa kwenye kigoda, kuna mikwaruzo mipya, myekundu, na kijiko kimechomekwa pale pale. Ndipo nilipoikunja karatasi ya kikao.

Binti, mjomba wako sikupi kosa hata kidogo, umefanya kila alichofanya mama yako, na umefanya kwa sababu wote wenye akili timamu walioizunguka nyumba ile walikaa wakaamua wewe ndiye usijue. Nakwambia hapa, mbele ya jeneza, kwa sababu basi la kiwanda litawarudisha kota jioni hii, na kesho ni siku ya kufua. Usipande basi hilo. Kaka yako ana lori pale nje, nimezungumza na daktari wa mama yako, amesema uje leo, atakusubiri, achukue damu yako na ya mumeo, aangalie chuma chako, akupe cha kuongeza, na amenihakikishia kwamba mtoto wa miezi sita bado anasaidiwa, kila siku unayokaa mbali na vumbi lile ni faida yake. Nyumba ikienda, iende, nyuma ya saluni nina chumba, ni kidogo, kuta zake ni za saruji, ukikwangua utavunja kijiko changu.

Na ninyi kina mama wa safu ya kwanza hadi ya nne, mliokuwa mkija na vijiko, na ninyi mliowahi kushinda baada yake, nendeni mkapimwe na wanenu, msinisubiri niwasomee historia mmoja mmoja. Vijana wa tanuri, zivueni getini. Atakayewacheka bombani mleteni kwangu nimnyoe.

Mwisho, kwa niaba ya familia, ambayo sina hakika kama leo jioni nitakuwa bado mmoja wao, natoa shukrani. Tunamshukuru daktari bingwa wa figo kwa kuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa kwa miaka thelathini na nne, tunawashukuru wauguzi wa wodi ya wanawake waliomgeuza na kumwogesha bila kununa, na mhudumu wa mashine ya kusafisha damu aliyemwita mama. Tunaishukuru zahanati ya kiwanda kwa vidonge vya tumbo. Tunawashukuru majirani kwa maji, kuni, viti na usiku mliokesha nasi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake shemeji kwa kuchimba kaburi, na uongozi wa kiwanda kwa basi, jeneza na shada la maua, na tunamwomba ofisa ustawi afikishe ombi letu kwamba ile picha ya mapokezi iteremshwe, tutakuja kuichukua. Tunamshukuru shemeji kwa kumpenda dada yetu, alimpenda, hilo sitalifuta, na halitoshi.

Nilikuwa nimeandika mistari mingine hapa ya kumsifu marehemu, lakini naona binti amesimama, amemshika mumewe mkono, wanapita katikati ya viti kuelekea kwa kaka yake. Mpisheni njia. Shangazi, mwachie nguo, asivutwe na mtu. Nendeni wanangu, msingoje tufukie, sisi tupo.

Dada yangu, nimemwambia, amesikia, na sasa unaweza kupumzika kwa amani.